Herufi Nene Zilizochakaa: Mwongozo Kamili kwa Wasanifu wa Mabango, Fulana na Vifungashio

Herufi nene zilizochakaa ni zile zenye mwili mpana na mzito, lakini uso wake umechubuka, umepasuka au umekosa wino hapa na pale, kana kwamba zimetumika miaka mingi kabla ya kumfikia msomaji. Nchini Uganda zinaonekana kwenye mabango ya muziki na ndondi, kwenye fulana za vijana, kwenye mifuko ya kahawa ya Bugisu na kwenye vibao vya migahawa. Zinapendwa sana, na zinaharibiwa sana pia, kwa sababu wengi hupakua fonti, wakaandika jina la tamasha, wakaona kazi imekwisha. Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: kila kovu lililo kwenye herufi liwe na sababu, na lisiguse sehemu inayoitambulisha herufi hiyo.

Makovu hutoka wapi

Herufi nene zililetwa na matangazo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa London walitaka herufi zitakazomsimamisha mpita njia, na Robert Thorne alikuwa miongoni mwa waliotengeneza herufi za madini ya risasi zenye unene ambao haukuwa umezoeleka. Herufi ya risasi ikiwa kubwa huwa nzito na ghali, na uso wake haupoi sawasawa baada ya kumiminwa. Kwa hiyo mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzikata herufi kubwa kwa mashine kwenye mbao ngumu. Mbao hizo zilikatwa hivi kwamba wino ulipakwa kwenye ncha za nyuzi, si ubavuni mwake, kwa kuwa upande huo hustahimili shinikizo zaidi. Hata hivyo, baada ya kuchapa mabango mengi, pembe zilimeguka, uso ukabonyea, na kila palipobonyea wino haukufika. Ndiyo maana herufi iliyochakaa ya asili hii huwa na pembe zilizopungua na madoa meupe katikati ya mwili, huku kingo zake ndefu zikibaki karibu zimenyooka.

Si kila uchakavu ni huo. Herufi ya stensili, yaani kibao kilichotobolewa umbo la herufi, iliyopulizwa rangi kwenye gunia huwa na kingo zenye ukungu, na rangi hukatika kwa kufuata nyuzi za gunia. Herufi ya muhuri hukolea ukingoni na kufifia katikati, kwa sababu mpira hukandamizwa bila ulinganifu. Rangi ya ukutani hubambuka kwa vipande vyenye kingo kali. Maandishi yaliyotolewa fotokopi ya fotokopi hujaa vidoadoa na kufunga matundu madogo. Taipureta nayo huacha herufi zinazopanda na kushuka kwenye mstari. Mwaka 1991 Erik van Blokland alitoa FF Trixie, fonti iliyotokana na alama halisi za taipureta, na ikawa moja ya fonti za kidijitali zilizowafundisha wasanifu kwamba uchafu unaweza kuchorwa kwa uangalifu uleule unaotumika kuchora usafi.

Hatua ya kwanza: amua herufi yako ilipatwa na nini

Kabla ya kufungua kompyuta, andika sentensi moja inayosema herufi hizo zilikuwa juu ya kitu gani na kitu hicho kilipatwa na nini. Kwa mfuko wa kahawa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, sentensi inaweza kuwa: "Jina limepulizwa kwa stensili kwenye gunia la katani, na gunia limeburutwa ghalani." Kwa bango la ndondi: "Jina limechapwa kwa herufi za mbao zilizotumika mno." Kwa kibao cha mkahawa unaouza roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai: "Jina limepakwa kwa brashi kwenye bati, na jua limeibambua rangi."

Sentensi hiyo itakuongoza katika kila uamuzi unaofuata. Ukichagua stensili, usikubali fonti yenye nyufa za rangi ya ukutani, hata kama inavutia, kwa sababu gunia halipasuki hivyo. Msomaji hawezi kueleza kosa liko wapi, lakini jicho lake limeyaona magunia, malori na vibao vya barabarani tangu utotoni, na litaukataa uongo huo.

Pana mipaka pia. Uchakavu unafaa pale ambapo umri, kazi ya mikono, vurugu ya jukwaani au ugumu wa maisha ni sehemu ya ujumbe. Haufai kwa kliniki, dawa, maji ya kunywa, taarifa za benki, wala chakula cha watoto, ambako mnunuzi anatafuta usafi na uhakika. Muhuri unahitaji tahadhari ya pekee: kila mtu nchini anaujua muhuri wa ofisi ya LC1, yaani baraza la kijiji, na uzito wake, kwa hiyo usitengeneze jina la biashara linalofanana na muhuri wa mamlaka yoyote, hata kwa nia njema.

Hatua ya pili: chagua fonti na uijaribu kwa maneno yako

Picha ya matangazo ya fonti huandikwa maneno yanayoipendezesha. Wewe andika maneno utakayochapa. Fonti kama Rubik Distressed na Rubik Dirt zinapatikana bure katika Google Fonts chini ya leseni ya SIL Open Font License, ambayo inaruhusu matumizi ya kibiashara. Fonti nyingine nyingi zinazoitwa za bure ni bure kwa matumizi binafsi tu, na mara unapochapa fulana za kuuza unatakiwa kununua leseni. Soma faili ya leseni iliyo ndani ya kifurushi, kisha ihifadhi pamoja na kazi ya mteja, kwa sababu akitaka kusajili nembo yake miaka ijayo ataiulizia.

Sasa jaribu lugha. Hapa ndipo fonti nyingi zilizotengenezwa Ulaya na Marekani zinapomwangusha msanifu wa Uganda. Luganda hutumia herufi ŋ, kama katika neno eŋŋoma, na fonti nyingi za mabango hazina umbo hilo. Usipokuwa makini, programu huchomeka ŋ safi na nyembamba kutoka fonti nyingine katikati ya herufi nene zilizochakaa, na neno zima linaonekana limeng'olewa meno. Katika orodha ya maumbo ya fonti, tafuta nafasi za Unicode (namba za kimataifa za herufi) 014A kwa herufi kubwa na 014B kwa ndogo. Ikiwa hazina kitu, chora umbo hilo mwenyewe: chukua N ya fonti hiyohiyo, ongeza mkia uliokatwa kutoka kwenye J, unganisha, kisha chubua mahali pa kiungo ili kisionekane.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Katika NG'OMBE au NG'AMBO, kile kibainishi kidogo cha juu ni sehemu ya herufi, lakini kwenye fonti iliyochubuka sana kinafanana kabisa na doa, na msomaji anabaki na neno NGOMBE. Kiongeze ukubwa kidogo, kisogeze mbali na G, na ukisafishe mikwaruzo yote. Ni alama ndogo kuliko zote katika mstari, na ndiyo inayostahili kulindwa kuliko zote.

Hatua ya tatu: wavunje mapacha

Andika KAMPALA kwa fonti iliyochakaa ya hali ya chini, kisha tazama zile A tatu. Kama kila moja ina mkwaruzo uleule kwenye mguu wa kushoto na doa lilelile chini ya kilele, udanganyifu umefichuka, kwa maana hakuna herufi tatu za mbao duniani zilizochakaa kwa namna moja. Waundaji wazuri wa fonti hizi huliona tatizo hilo mapema. Katika fonti nyingi zenye herufi kubwa tu, kitufe cha A kubwa na kitufe cha a ndogo hutoa A mbili zenye umbo moja na makovu tofauti. Kwa hiyo ukiandika "KAMPaLA" unapata mapacha wawili tu badala ya watatu, na hao wawili wako mwanzoni na mwishoni, ambako jicho halilinganishi kwa urahisi. Fonti nyingine, za muundo uitwao OpenType, zina maumbo mbadala ambayo programu hubadilisha yenyewe. Fungua paneli ya maumbo ya herufi uone kilichomo.

Kama fonti haina mbadala wowote, geuza maandishi kuwa michoro ya vekta (maumbo ya mistari unayoweza kuyahariri), kisha ziba doa moja kwenye A ya pili na ongeza jingine kwenye A ya tatu. Kwa kichwa cha bango hiyo ni kazi ya dakika chache, nami naihesabu kuwa ndiyo inayotenganisha kazi ya kitaalamu na kazi ya haraka.

Hatua ya nne: linda sehemu zinazoitambulisha herufi

Kila herufi ina mahali ambapo ikiguswa inageuka kuwa nyingine. R ikipoteza mguu wake wa kulia ni P. E ikipoteza mstari wa chini ni F. G ikipoteza kijiti cha ndani ni C, na Q bila mkia ni O. Neno KARIBU likigeuka kuwa KAPIBU bado linaweza kukisiwa, lakini jina la mtu au la kijiji ambalo msomaji hajawahi kuliona halikisiwi. Pitia neno herufi kwa herufi na uulize kama kovu limeangukia kwenye kiungo hicho. Likiwa limeangukia, lihamishie kwenye sehemu pana ya mwili, ambako herufi nene ina akiba ya kutosha. Hii ndiyo sababu uchakavu unapendeza kwenye herufi nene: mwili mpana unaweza kupoteza sehemu ya wino wake na bado ukasomeka, ilhali herufi nyembamba hukatika kwa mkwaruzo mmoja.

Tarakimu zisichakazwe kabisa. Katika namba ya simu, 3 na 8 hutofautiana kwa kingo mbili fupi tu, vivyo hivyo 6 na 8, na 1 na 7. Bei nayo haina huruma: sifuri ikifutika kwenye 20,000 utakuwa na ugomvi mlangoni. Tarehe, mahali, bei na simu viandikwe kwa fonti safi kila wakati.

Hatua ya tano: ukubwa na nafasi

Makovu yanahitaji eneo ili yaonekane kuwa makovu. Kwenye bango la A3, lenye milimita 297 kwa 420, neno kuu lenye herufi za urefu wa sentimita 5 au zaidi linaonyesha mbao na wino vizuri, lakini herufi hizohizo zikipunguzwa hadi milimita 5 zinaonekana kama hitilafu ya mashine. Ukilazimika kuwa na ukubwa wa aina mbili, tumia toleo lenye uchakavu mwingi kwa neno kubwa na toleo lenye uchakavu mdogo, au safi, kwa maneno ya chini yake. Kwa usomaji wa mbali, kanuni ya kawaida ya watengeneza vibao ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa herufi zilizochakaa naongeza nusu ya kipimo hicho, hasa kwa bango la kando ya barabara ambalo abiria wa bodaboda analiona kwa muda mfupi.

Nafasi kati ya herufi husahauliwa zaidi. Kingo zilizomeguka hula sehemu ya herufi, hivyo pengo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Katika KAMPALA, jozi ya L na A huacha uwazi mkubwa; isogeze mpaka uwazi huo ulingane kwa macho na ule wa kati ya M na P, bila kutegemea vipimo vya programu. Geuza bango juu chini, nawe utaacha kusoma neno na kuanza kuona mapengo.

Hatua ya sita: rangi na fonti ya kuandamana nayo

Chagua fonti moja tu iliyochakaa kwa kazi moja. Ya kuandamana nayo iwe safi na tulivu, ikiwezekana nyembamba kwa umbo ili ibebe maelezo marefu. Kuhusu rangi, mabango yanayochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji katikati ya Kampala, yana desturi ya rangi kali zinazogongana, nami sioni sababu ya kuiacha; lakini herufi iliyochakaa tayari imepoteza sehemu ya wino wake, kwa hiyo tofauti ya rangi kati yake na mandhari lazima iwe kubwa kuliko kawaida. Nyeusi juu ya manjano inafanya kazi vizuri sana. Nyekundu juu ya nyeusi huzama, na kila doa linazidi kuizamisha. Usiweke maandishi haya juu ya picha yenye umati wa watu au majani, kwa sababu picha itaonekana kupitia kila tundu na makovu yatapotea.

Hatua ya saba: tengeneza uchakavu wako mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu inakupa makovu ambayo hakuna msanifu mwingine anayo, na haihitaji programu ya kulipia. Chapa mstatili mweusi unaojaa karatasi ya A4 kwa printa ya leza. Ikunje karatasi hiyo mara kadhaa, ifungue, kisha isugue polepole kwa msasa laini. Wino wa leza hukaa juu ya karatasi bila kupenya, kwa hiyo utabanduka kwanza kwenye mikunjo, kisha kwenye sehemu ulizosugua. Kwa sura ya gunia, weka kipande cha gunia chini ya karatasi unaposugua, na nyuzi zitajichora zenyewe.

Iskani karatasi hiyo kwa nukta 600 kwa inchi. Kama huna skana, piga picha kwa simu ukiwa kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ifungue katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu, ukirekebisha kiwango mpaka vumbi dogo litoweke na makovu makubwa yabaki. Kisha pindua rangi zake, ili makovu ndiyo yawe meusi.

Hamia Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta. Andika neno lako kwa fonti nene na safi, ligeuze kuwa mchoro kwa Shift, Ctrl na C, kisha ziunganishe herufi zote ziwe umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Leta picha ya makovu, ifuatishe kwa vekta kwa kufungua dirisha la Shift, Alt na B, kisha ifute picha yenyewe ubaki na vekta. Mara nyingi vekta hiyo huwa na nukta nyingi mno. Ipunguze kwa Ctrl na L, mara moja tu, maana ukizidisha kingo kali zinakuwa za mviringo na kuonekana kama matone. Iweke juu ya neno, izungushe na uisogeze mpaka makovu makubwa yaangukie sehemu pana na yaepuke mguu wa R na viungo vingine ulivyovitambua katika hatua ya nne. Chagua vyote viwili, kisha toa umbo la juu kutoka la chini kwa Ctrl na alama ya kutoa. Kwa kuwa makovu yanapita juu ya neno zima badala ya kurudiwa ndani ya kila herufi, tatizo la mapacha halitokei kabisa.

Hatua ya nane: tayarisha kazi kwa namna itakavyochapwa

Njia ya kuchapa huamua ni kovu gani litabaki. Kwa fulana zinazochapwa kwa skrini, yaani wavu unaopitisha wino, wino husambaa kidogo kwenye pamba, na matundu yaliyo chini ya nusu milimita kwa kawaida huziba. Basi fungua faili yako, pima matundu madogo, uyafute au uyapanue kabla hujapeleka filamu ya kutengenezea skrini. Usimwachie mchapaji uamuzi huo, kwa sababu yeye akiona vidoadoa kwenye skrini anaweza kudhani ni kasoro na kuviziba kwa brashi; mwambie mapema kwamba vimekusudiwa, na umpe nakala iliyochapwa ya kulinganishia.

Stika zinazokatwa kwa mashine zina shida nyingine. Kila doa jeupe huwa kipande cha stika ambacho mtu lazima akiondoe kwa mkono kwa ncha ya sindano, na neno lenye madoa mamia litamgharimu mteja fedha nyingi. Kwa kazi hiyo, ama tumia nyufa chache na pana, ama omba stika ichapwe kwa wino badala ya kukatwa. Kwa nembo ya kudariziwa kwenye kofia, acha uchakavu kabisa, kwani uzi hauwezi kuonyesha tundu dogo.

Bango la karatasi na bana (bango la turubai) ya nje havina matatizo ya namna hiyo. Kabla ya kupeleka, geuza maandishi yote kuwa vekta ili kompyuta ya kiwandani isibadilishe fonti, acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata, na uhifadhi kazi katika PDF. Kumbuka pia kwamba bana itakayokaa juani itachakaa kweli, na nyekundu na manjano hufifia mapema kuliko nyeusi. Kwa kazi ya nje ya miezi kadhaa, punguza uchakavu wa kuchora kwa nusu na uweke neno kuu kwa wino mweusi.

Nakala ya simu itayarishwe peke yake. Ukiituma kama picha kupitia WhatsApp, ubora hupunguzwa na vidoadoa hugeuka kuwa ukungu wa kijivu kuzunguka herufi. Tengeneza toleo lenye makovu makubwa machache, na kwa mchapaji tuma faili kama hati, si kama picha. Kisha agiza nakala moja ya majaribio kwenye karatasi au kitambaa kilekile kitakachotumika, ibandike ukutani, simama mita 3 mbali nayo, na umwite mtu ambaye hajaiona kazi hiyo akusomee kila neno kwa sauti. Neno atakalosita kulisoma lirudishie wino, kisha ndipo utoe agizo la kuchapa idadi yote.